Rivolva Ikikosa Shabaha, Usikimbilie Kubadilisha Mtutu

Mwenye leseni ya rivolva hapa Malindi akianza kutawanya risasi kwenye shabaha, ushauri wa kwanza huwa mmoja: badilisha mtutu. Mara nyingi mtutu hauna kosa. Tatizo liko pale risasi inapotoka kwenye silinda kuingia mtutuni, na hapo ndipo pa kupima kwanza.

Dhana: Mtutu mrefu hupiga sawasawa zaidi.
Urefu huongeza kasi ya risasi na kuzitenganisha alama mbili za kulengea, kwa hiyo kosa la jicho hupungua. Ila mtutu wa inchi 4 uliotengenezwa vyema, ukifungwa imara kwenye benchi, unaweza kupiga kundi dogo sawa na wa inchi 6.

Dhana: Pengo kati ya silinda na mtutu ni hitilafu, lizibwe.
Hii ndiyo inayoharibu silaha nyingi. Pengo lazima liwepo. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 linafaa. Likibana zaidi, masizi na joto huifanya silinda isugue hadi igome kuzunguka. Likipanuka mno, gesi hupotea na vijipande vya risasi huruka ubavuni.

Hakikisha matundu yote ni matupu, kisha ingiza ndani ya pengo geji ya vipande vyembamba vya chuma. Pima silinda ikiwa imesukumwa nyuma, pima tena ikiwa imesukumwa mbele, na urudie kwa kila tundu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni ulegevu wa silinda, nao hurekebishwa kabla ya mtutu. Pengo lililozidi hupunguzwa kwa kuurudisha mtutu nyuma mzunguko mmoja wa uzi wa skrubu, kupunguza ncha yake ya nyuma na kukata upya koni ya kuingilia, yaani mdomo wa nyuma wa mtutu unaopokea risasi. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha aliyesajiliwa.

Dhana: Koni ikipanuliwa zaidi, risasi huingia kwa ulaini.
Pembe ya nyuzi 11 husaidia risasi zisizovishwa shaba. Lakini chuma kilichokatwa hakirudi. Kwenye fremu ya K, yaani kiunzi cha ukubwa wa kati cha rivolva za Smith & Wesson upande wa chini wa koni ni mwembamba, na risasi nyepesi za .357 Magnum zenye baruti kali zimewahi kuupasua.

Dhana: Ukoko wa madini ya risasi ndani ya mtutu ni dalili ya mtutu mbovu.
Pima matundu ya mbele ya silinda. Yakiwa membamba kuliko kipenyo cha mtutu kinachopimwa ndani ya mifereji yake, risasi hubanwa kabla ya kuingia, gesi huipita kando na kuacha ukoko. Mtutu mpya hautatibu hilo. Kupanua matundu hutibu.

Dhana: Chuma cha pua hakipati kutu pwani.
Hupata, na huanza kwa vitundu vidogo. Usiihifadhi rivolva ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na chumvi. Mafuta ya nazi pia hayafai, maana huchacha na kunata. Tumia mafuta ya silaha, tabaka jembamba.

Wakati wa kusafisha, fremu huzuia fimbo kuingilia nyuma, hivyo wengi huisukuma kupitia mdomo wa mtutu. Fimbo ya chuma ikisugua ukingo ule, risasi hutoka upande. Vuta kitambaa kwa waya laini kutoka upande wa silinda, au uweke kilinda mdomo.