Mdhamini wa ufilisi, yaani anayekabidhiwa mali ya aliyefilisika ili wadai walipwe, akikuuzia kiwanja, hati ya kukuhamishia isemeje?

Dhana: Aliyefilisika lazima atie sahihi, kwa kuwa hati miliki bado ina jina lake.

Ukweli: Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya 2011 inasema amri ya ufilisi ikishatolewa, mali hupita kwa Mpokezi Rasmi (afisa wa serikali anayeshughulikia ufilisi) kwanza, kisha kwa mdhamini, bila hati yoyote ya uhamisho. Sahihi ya mwenye jina haiongezi kitu. Ila daftari la ardhi halijui habari za mahakamani, kwa hiyo hati ieleze safari yote: amri ilitolewa lini na mahakama gani, mdhamini aliteuliwaje, naye anauza kwa wadhifa upi.

Wadhifa huo ndio watu wanaoupuuza. Wanaandika jina la mdhamini kavukavu, kana kwamba kiwanja ni urithi wa babake. Katika kesi ya General Parts dhidi ya NPART, chombo cha Uganda cha kukusanya madeni sugu ya benki, Mahakama ya Juu iliikataa rehani ambayo majina na vyeo vya waliotia sahihi havikutambulika. Andika basi: “Mimi fulani, nikiwa mdhamini wa mali ya fulani aliyefilisika, wala si kwa nafsi yangu.” Na jina lisomeke, mkwaruzo wa kalamu hautoshi.

Dhana: Neno “bila deni lolote” kwenye hati husafisha ardhi.

Ukweli: Mdhamini hutoa alichokuwa nacho aliyefilisika, basi. Benki yenye rehani iliyosajiliwa inabaki na haki yake mpaka ilipwe. Kwenye mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu, hasa Buganda), mwenye kibanja halali, yaani mkaaji mwenye haki ya kutumia kipande cha ardhi hiyo, hang'oki kwa sababu mwenye ardhi amebadilika. Utamkuta na migomba yake. Ndiyo maana mdhamini makini huandika “haki na maslahi yote ya aliyefilisika”, pasipo kuahidi zaidi. Wanunuzi wengi huiona lugha hiyo ya ujanja. Mimi naiona ya kweli kuliko ahadi nyingi za madalali wa Kampala.

Dhana: Kila kilicho kwa jina lake kinauzika.

Ukweli: Hapana. Kiwanja alichowashikia yatima wa kaka yake kwa amana hakimo katika mali ya kugawiwa wadai. Nyumba ya ndoa nayo ina masharti yake, kwa hiyo muulize wakili kabla ya kulipa arubuni.

Upekuzi wa daftari ufanywe kabla hati haijaandikwa. Namba za bloku na ploti zinakiliwe kutoka humo, si kutoka kwenye tangazo la mnada.