Lal paar: sari nyeupe ya pindo jekundu, na namna ya kuichagua kwa Durga Puja

Kwa Kibengali, lal ni nyekundu na paar ni ukingo: ukingo wa nguo, na vilevile ukingo wa mto. Lal paar, basi, ni sari yenye mji mweupe au wa rangi ya maziwa na pindo jekundu. Anayeijua kanga ameshapata nusu ya somo, maana hapa pia kuna mji na kuna pindo. Kinachoongezeka ni ncha moja yenye mapambo zaidi, ile inayotupwa begani, ambayo Wabengali huiita anchal. Sari kamili ina urefu wa mita 5.5 hivi na upana wa mita 1.15 hadi 1.2. Ikiuzwa pamoja na kitambaa cha blauzi hufika mita 6.3.

Huvaliwa kwenye ibada na shughuli nyingi za Wahindu wa Bengal, eneo la mashariki mwa India na Bangladesh, ila msimu wake hasa ni Durga Puja, sikukuu ya Septemba au Oktoba. Ile ya Kolkata iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Wekundu ni rangi ya mungu wa kike Durga, na ni rangi ya sinduri, unga ambao mwanamke aliyeolewa hujipaka kwenye mwanya wa nywele. Weupe husomwa kuwa usafi. Bangili za ndoa za Kibengali zina rangi hizo hizo: nyeupe za kombe na nyekundu za marijani. Kwa desturi ya zamani mjane alivaa nyeupe tupu isiyo na pindo, kwa hiyo pindo lenyewe lilikuwa tangazo kwamba mume yu hai. Siku hizi wasichana ambao hawajaolewa nao huivaa bila mtu kushangaa.

Wengi hukosea kwa kununua sari moja ya bei kubwa na kutaka ifanye kazi zote. Kila siku ya Puja ina kazi yake, na kazi ndiyo inayochagua kitambaa.

Asubuhi ya Ashtami, siku ya nane, watu hufunga kula mpaka watoe anjali: hushika maua na majani ya mti wa bel mikononi, hufuatisha maneno ya kuhani, kisha huyatupa miguuni pa Durga, na hurudia hivyo mara tatu. Hapo ndipo mahali pa garad, sari ya hariri isiyotiwa rangi kwenye mji, inayofumwa hasa wilaya ya Murshidabad. Kwa kuwa uzi haukutiwa rangi, weupe wake umeelemea rangi ya krimu. Ukionyeshwa "garad" inayong'aa weupe kama karatasi, tia shaka.

Kuna majaribio mawili ya dukani. Kwanza geuza nyuma. Pindo lililofumwa lina wekundu sawa pande zote mbili, ila la kuchapwa hupauka upande wa ndani. Pili, omba kuchomoa nyuzi mbili tatu kwenye ncha, uziunguze. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Muuzaji asiyetaka kukupa hata uzi mmoja amekwisha kukujibu.

Ibada inayofuata ina moto. Sandhi puja hufanyika katika dakika 24 za mwisho za Ashtami na 24 za mwanzo za Navami, siku ya tisa, na huwashwa taa 108. Kuna pia ngoma ya dhunuchi, ambapo mchezaji hushika chetezo cha udongo chenye makumbi ya nazi yanayofuka na ubani, na cheche huruka. Kitambaa cha poliesta kikipata cheche huyeyuka na kugandia ngozini. Vaa pamba au hariri, na bana anchal kwa pini, isibaki ikining'inia upande wa taa. Wanaopika chakula cha sadaka nao wafuate hivyo hivyo.

Dashami, siku ya kuagana, ni habari nyingine kabisa. Wanawake humpangusa Durga uso kwa majani ya tambuu, humlisha peremende za maziwa, humpaka sinduri, kisha hupakana wenyewe kwa wenyewe mashavu, paji, mpaka shingo. Hiyo ndiyo sindur khela. Sari yako itapata madoa, hakuna namna ya kuyakwepa. Vaa tant, yaani sari ya pamba ya Shantipur, Phulia au Dhaniakhali, iliyo rahisi kufulika. Kuipeleka garad kwenye sindur khela ni kuitoa kafara.

Tant hutoka dukani ikiwa ngumu kwa wanga. Ugumu huo unapendeza, lakini huficha ulegevu wa ufumaji, kwa hiyo ishike mbele ya mwanga: nyuzi zikionekana zimeachana kama wavu, ikishafuliwa italegea. Kisha kuna kero kubwa ya sari hizi zote, pindo kuchuja. Chovya kona ya pindo katika maji baridi, ikandamize kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Ikiacha wekundu, usiiloweke kamwe. Fua haraka peke yake kwa maji baridi, isuuze mpaka maji yatoke meupe, na uianike bila kuikunja, mji usilalie pindo. Ikikaa imekunjwa ikiwa mbichi hata nusu saa, utapata mistari ya waridi isiyotoka.

Kwa fundi, uliza habari za fol. Huu ni utepe wa pamba wenye upana wa sentimita 12 hivi na urefu wa mita 2.5 kwenda juu kidogo, unaoshonewa ndani ya pindo la chini ili sari ishuke vizuri na isichakazwe na visigino. Pamba mpya hurudi ikifuliwa. Fol ikishonwa kabla ya kulowekwa, mfuo wa kwanza huivuta na pindo zima hujikunyata, na watu huilaumu sari bure. Loweka fol usiku mzima, ikauke, ipigwe pasi, ndipo ishonwe. Tant yenyewe pia ifuliwe kwanza.

Uvaaji wa jadi huitwa atpoure. Hauna marinda membamba ya mbele. Kitambaa huzunguka kiuno, kikarudi upande wa pili kwa mikunjo mipana, kisha anchal ndefu hupandishwa bega la kushoto na kona yake huletwa tena mbele kwa upande wa kulia, zamani ikiwa imefungwa shada la funguo za nyumba. Mtindo huu unakula kitambaa, hivyo sari fupi kuliko mita 5.5 itakunyima hiyo kona. Gagulo liwe la pamba na lenye kamba. La satini huteleza, na sari nzito itashuka nalo.

Anayenunua Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ajue kwamba Wahindu wengi wa huku asili yao ni Gujarat. Siku hizo hizo wao husherehekea Navaratri kwa kucheza garba na sketi pana, na Mgujarati wa jadi hulaza ncha ya sari bega la kulia kwa mbele. Ukiomba "sari ya sikukuu" tu, unaweza kuletewa bandhani, nguo ya madoadoa inayotiwa rangi kwa kufungwa mafundo. Taja lal paar kwa jina.

Alta, ile rangi nyekundu ya kupaka miguu, ipakwe na ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Sinduri iliyodondoka usiifute kwa maji: kung'uta, piga kwa brashi laini ikiwa kavu, halafu pamba ifuliwe kwa maji baridi na hariri ipelekwe kwa dobi anayesafisha bila maji (dry cleaner). Tant itolewe wanga wote kabla ya kuhifadhiwa, kwani wanga huita wadudu. Garad iviringwe kwenye kitambaa cha pamba, isitiwe mfuko wa plastiki, na kila miezi michache ikunjwe upya mahali pengine, maana hariri hukatikia kwenye mkunjo wa siku zote.