Kutupa mimba si jina la ugonjwa

Mbuzi wa maziwa akitoa kitoto mfu mwezi wa nne wa mimba, jirani wa kwanza kufika bandani husema "huyo ana brusela". Wa pili husema "ana ugonjwa wa kutupa mimba", na wote wawili wanaamini wamesema kitu kile kile. Lawama si yao peke yao. Vipeperushi vya ugani navyo huiita brusela kwa jina hilo hilo, na hivyo dalili ikageuzwa kuwa ugonjwa.

Maana yenyewe ni fupi. Mbuzi hubeba mimba takriban siku 150. Ikitoka kabla mtoto hajaweza kuishi nje, ametupa. Brusela ni maambukizi ya bakteria, na kwa mbuzi mhusika mkuu ni Brucella melitensis. Hiyo ni sababu moja kati ya nyingi za mimba kutoka.

"Melitensis" ni "wa Melita", jina la kale la kisiwa cha Malta. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliotesha bakteria huyo kutoka kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa kisiwani humo. Ikapita karibu miaka ishirini bila mtu kujua homa inatoka wapi, kwa sababu mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mlango kwa mlango walionekana wazima kabisa. Mwaka 1905 Themistocles Zammit alipima damu yao akakuta wameambukizwa. Mwaka uliofuata askari walikatiwa maziwa ya mbuzi, na homa kambini ikashuka mno. Kwa hiyo huu tunaouita "wa kutupa mimba" ulikamatwa kwa mbuzi ambao mkamuaji yeyote angeapa kwamba hawana neno.

Mbuzi mwenye brusela kwa kawaida hutupa mara moja, mwishoni mwa mimba, kisha zinazofuata nyingi hufika salama. Mwenye mbuzi husema amepona. Hajapona. Bakteria wamejificha kwenye kiwele na tezi, wanatoka na maziwa, na kila anapozaa wanamwagika na kondo na majimaji yake. Antibiotiki haziwamalizi, ndiyo maana mbuzi aliyethibitika huondolewa kwa kuchinjwa chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo. Kumpeleka mnadani ni kumpa mwenzako ugonjwa. Maziwa ya kundi hilo yachemshwe mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha mtindi.

Upande wa pili, wanachinjwa mbuzi wasio na brusela hata kidogo. Paka akinya kwenye majani makavu au pumba, mbuzi mjamzito hupata toksoplazima, vimelea vya kinyesi cha paka: vifundo vya kondo huwa na vidoa vyeupe vya milimita moja hadi tatu. Huyo akishatupa huwa amejijengea kinga, na kumwondoa ni hasara tupu. Klamidia, bakteria mwingine, hupenda wiki mbili tatu za mwisho, na kondo hunenepa katikati ya vifundo. Mvua zikizidi, mbu wakajaa, mimba za umri wote zikaporomoka kwa pamoja na vitoto vikafa, fikiria Homa ya Bonde la Ufa, iliyopiga Kenya na Tanzania 2006 na 2007. Hapo usichune wala usipasue mzoga, toa taarifa.

Halafu kuna sindano. Mwili wa mbuzi hutegemea kiini cha manjano cha ovari, kinachotoa homoni, kuishikilia mimba tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo prostaglandini, sindano ya kumleta kwenye joto inayokiua kiini hicho, akichomwa bila kupimwa mimba, itaitoa hata ikiwa ya miezi minne. Kondoo mimba ikishakomaa huweza kustahimili, mbuzi hawezi. Na mbuzi aliyevimba tumbo miezi kadhaa kisha akamwaga maji matupu, bila kitoto wala kondo, hakutupa chochote. Hiyo ni mimba hewa.

Kwa macho huwezi kuwatenganisha hawa wote, na vidoa vya kondo vinadokeza tu. Vaa glavu, tia kitoto na kipande cha kondo chenye vifundo kwenye vyombo visivyovuja, weka kwenye barafu, usitie fomalini (dawa ya kuhifadhi, inayoua bakteria) kama sampuli inakwenda kuoteshwa. Mabaki yachomwe au yafukiwe kwa kina mbwa wasikofika, mama atengwe, na mwanamke mjamzito asishike chochote. Damu ichukuliwe siku hiyo na tena baada ya wiki tatu. Kipimo cha damu cha brusela kiitwacho Rose Bengal, kwa mbuzi, hutaka mikrolita 75 za seramu (maji ya damu) kwa 25 za antijeni (dawa ya kipimo), kisomwe dakika ya nne. Ukipima sawa kwa sawa kama wa ng'ombe, baadhi ya wagonjwa watapita. Na aliyechanjwa Rev.1, chanjo ya brusela, anaweza kuonyesha majibu chanya bila kuumwa, kwa hiyo mwulize mwenye mbuzi kuhusu chanjo kwanza.

Basi ukimpigia daktari usimwambie una mbuzi wa brusela. Mwambie: "Mbuzi wangu katupa mimba ya miezi minne, ni wa pili mwezi huu, kondo ninalo kwenye barafu." Jina la ugonjwa litatoka maabara.