Je, wajua kwa nini tela la boti hutikisa mkia barabarani?

Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa tela hufuata gari kama mwanakondoo. Likifika 85, basi la abiria linapita, upepo wake unaisukuma boti kidogo, tela linakwenda kushoto, linarudi kulia, linakwenda tena kushoto zaidi ya mwanzo. Dereva anakanyaga breki. Gari linapungua mwendo lakini tela bado linasukuma, na vyote viwili vinajikunja katikati ya barabara.

Lawama huangukia upepo, au tairi. Upepo ulichokoza tu. Chanzo ni kwamba tela ni zito nyuma kuliko mbele.

Litazame tela kama ubao wa pembea uliokalia ekseli. Mbele kuna kichwa cha tela kilichoshika boli la chuma la gari, nyuma kuna tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, na mashine yake. Mzigo ukielemea mbele ya ekseli kwa kiasi, kichwa hukandamiza boli, na tela likiyumba hurudi lenyewe kwenye mstari. Mzigo ukielemea nyuma, kichwa hutaka kuinuka, na kila tezi inapoyumba hulivuta gari matako. Kuna mwendo ambao kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, na mzigo unavyozidi kukaa nyuma ndivyo mwendo huo unavyoshuka: badala ya 110 unaweza kuwa 80.

Boti ina ubaya wake hapa. Mzigo wa mahindi unaupanga utakavyo, lakini mashine ya boti inaning'inia mwishoni kabisa. Mashine ya four-stroke (mipigo minne) ya nguvu farasi 115 mara nyingi ina kati ya kilo 160 na 190, zote nyuma ya ekseli.

Kipimo cha kufuata kwa tela la ekseli moja ni asilimia 10 hivi ya uzito wote kukandamiza boli. Ulaya hutumia pungufu ya hapo, Marekani hufika hata 15. Ukizidisha, pikapu hukaa chini nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unalegea. Soma pia kibati cha ndoano ya gari: gari dogo laweza kuruhusiwa kilo 75 tu kwenye boli.

Sasa, asilimia 10 ya nini? Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi ni wa boti kavu: faiba tupu, bila mashine, bila mafuta, bila hata nanga. Chukua boti ya mita 5.5 iliyoandikwa kilo 650, juu ya tela lenye kilo 380. Mwenyewe anajumlisha 1,030, anaona tela la uwezo wa kilo 1,400 limemtosha na chenji ikabaki. Mashine ni kilo 175. Petroli lita 120, kwa kilo 0.75 kila lita, ni 90. Betri mbili 45. Nanga, mnyororo na kamba 25. Sanduku la barafu likijaa 40. Maji safi lita 40, kilo 40. Maboya ya kuvaa, mishipi, mafuta ya mashine na zana 55. Zimeongezeka kilo 470, na jumla ni 1,500. Tela limezidiwa kilo 100 kabla hujatoka getini.

Kuna mzigo mwingine usioonekana kwenye orodha yoyote: maji ya ngamani, yaani yanayotuama chini kabisa ndani ya boti. Lita moja kilo moja, hivyo lita 100 zilizobaki chini ya sakafu baada ya mvua ni kilo 100. Ubaya zaidi, hayatulii. Gari likipanda mlima yote hukimbilia tezi, na asilimia 10 uliyoipima uwanjani inapotea. Toa kizibo cha nyuma, inua omo, yaani mbele ya boti, kwa gurudumu dogo la tela, acha yachuruzike hadi tone la mwisho. Boti za zamani zenye povu chini ya sakafu huweza kufyonza maji yasiyotoka kwa kizibo. Boti kuukuu ikikutana na mizani na kuonekana nzito kwa mamia ya kilo kuliko hesabu, shuku povu hilo kwanza.

Kwa hiyo pima. Mizani ya magari ya kinu au ya machimbo ya kokoto inafaa. Kwanza weka tela zima peke yake juu ya mizani, likiwa limesimama kwa gurudumu lake dogo: hapo unapata uzito wote. Kisha lifunge kwenye gari, acha magurudumu ya tela tu juu ya mizani na gari nje. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayokaa kwenye boli. Likisoma 1,500 kisha 1,440, boli lina kilo 60, yaani asilimia 4. Hilo litatikisa mkia.

Nyumbani, mizani ya kupimia watu hutosha ukiisaidia. Laza ubao mgumu, ncha moja juu ya kipande cha bomba kilichokaa kwenye tofali, ncha ya pili juu ya bomba jingine lililokaa kwenye mizani, usawa mmoja. Mabomba yaachane sentimita 90. Soma kwanza uzito wa ubao mtupu. Kisha teremsha kichwa cha tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la tofali na 60 kutoka la mizani. Tofali linabeba theluthi mbili, mizani theluthi moja. Toa uzito wa ubao, zidisha mara 3. Tela liwe usawa, na kichwa kiwe kwenye kimo kilekile kitakachokaa garini, magurudumu yake yamezuiwa kwa mawe.

Ukikuta 60 badala ya 150, suluhisho la haraka ni kusogeza boti mbele kwa kuhamisha nguzo ya winchi, ile inayozuia pua ya boti. Kwa tela letu, kama kutoka boli hadi ekseli ni mita 4, boti yenye kilo 1,120 inatakiwa isogee sentimita 32. Lakini angalia tezi. Mbao au roli za tela zinatakiwa zifike hadi ukingo wa nyuma, pale mashine ilipofungwa. Tezi ikielea hewani bila kitu chini yake, matuta ya barabarani yatapinda mgongo wa faiba taratibu. Ikiwa hivyo, iache boti mahali pake, legeza boliti za U zinazoshika ekseli na rudisha ekseli nyuma sentimita 27 hadi 30, ukipima kila upande kutoka kwenye boli ili isikae mshazari. Kuhamisha sanduku la barafu na nanga kwenda omo husaidia kidogo tu.

Tairi zina hesabu yao. Kilo 150 zikiwa kwenye boli, 1,350 zinabaki kwa magurudumu mawili, 675 kila moja. Tairi yenye namba 91 ubavuni, baada ya saizi, inabeba kilo 615: imeshindwa. Yenye 102 inabeba 850. Hiyo ni kwa upepo kamili ulioandikwa. Tairi ya tela ikiwa na upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na ngozi hubanduka.

Breki ndiyo watu hubana pesa. Hilux mpya za dizeli zinaruhusiwa hadi tani 3.5 kwa tela lenye breki, lakini kilo 750 tu kwa lisilo nayo. Ukitoka Dar es Salaam na tela na boti vyenye jumla ya kilo 1,500 kwenda Matema, Ziwa Nyasa, ni zaidi ya kilomita 900 na mlima Kitonga njiani. Tela kama hilo bila breki ni kulitaka gari lifanye kazi ambayo mtengenezaji amelikataza.

Likianza kuyumba, usikanyage breki ya gari wala usilifukuzie kwa usukani. Shika usukani ukiwa umenyooka, ondoa mguu kwenye mafuta, mwendo ufe wenyewe. Kisha simama upime, usiendelee kwa matumaini.

Ukifika ufukweni, gusa habu za magurudumu kwa mkono. Zikiwa za moto, subiri zipoe, dakika 30 hivi, kabla ya kurudisha tela majini. Habu ya moto ikizama ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili hadi kwenye grisi. Beringi iliyoonja maji ya bahari leo haifi leo, hufa baada ya kulala na kutu wiki kadhaa, mara nyingi safarini. Habu moja ikiwa moto zaidi ya mwenzake, hapo si suala la kusubiri: ipandishe jeki na ufungue.