Fildi si Muhuri Tu: Kwa Wanafunzi wa Vyuo na Wazee Wao

Kila ifikapo msimu wa mafunzo kwa vitendo, kati ya Julai na Septemba, ofisi zinazoratibu fildi hujaa malalamiko. Mengi siku hizi hayaletwi na wanafunzi, yanaletwa na wazee: mtoto kapangiwa mbali, mtoto hapewi posho, mtoto anatumwa kupeleka barua kama tarishi. Tunayapokea kwa heshima na hakuna anayekatazwa kuuliza. Ila mengine yangekwisha kama mwanafunzi angesoma mwongozo aliopewa na chuo chake.

Utaratibu, kwa vyuo vingi, uko hivi. Mwanafunzi huchukua barua ya utambulisho na kuipeleka taasisi anayoiomba. Taasisi hujibu kwa maandishi. "Wamenikubalia kwa mdomo" si jibu. Siku ya kuripoti hujazwa fomu ya kuripoti, ikasainiwa na kurudishwa chuoni mapema, kwa sababu mwalimu anayekwenda kukagua hutegemea fomu hiyo kujua ulipo. Logibuku, yaani daftari la kazi za kila siku za mwanafunzi, huandikwa kila siku na kusainiwa na msimamizi kila wiki. Mwisho, msimamizi hutia alama kwenye fomu ya siri, huiweka ndani ya bahasha, huifunga na kupiga muhuri pale ilipofungwa. Bahasha ikifika imefunguliwa, hata ukisema imechanika ndani ya boti, hairuhusiwi kupokelewa. Utarudi ulikotoka ukajaziwe nyengine.

Kughushi saini ya msimamizi ni suala la kamati ya nidhamu. Kwa mujibu wa kanuni za chuo husika, mwanafunzi anaweza kufutiwa matokeo, kurudia fildi kwa gharama zake au kusimamishwa masomo. Nje ya chuo, kughushi hati ni kosa la jinai. Tunalitaja hili kwa upole, lakini tunalitaja.

Nimewahi kupokea logibuku ya wiki 8 iliyoandikwa yote kwa wino mmoja, saini zote zimelalia upande mmoja, haina hata alama ya kikombe cha chai. Tarehe 8 Agosti mwanafunzi ameandika kwamba siku nzima alihudumia wateja dirishani. Nane Nane ofisi za umma zimefungwa, na waliotoka siku hiyo wengi wako Dole kwenye maonesho ya kilimo! Nilipomwita, alisema msimamizi ni mjomba wake, kwa hiyo "hakuna tatizo". Tatizo lilikuwa hapo hapo. Mjomba anaweza kukutilia saini, lakini hawezi kukujibia usaili.

Na hizo kazi za tarishi. Mwanafunzi wa uhasibu analalamika wiki ya kwanza kapewa kupanga mafaili. Alitarajia nini, kusaini hundi? Anayepanga hati za malipo kwa makini huona hati gani imepita bila kiambatanisho, nani huidhinisha kabla ya nani, na malipo hukwama meza gani. Darasani haya hutajwa kwa sentensi moja. Mwengine, wa teknolojia ya habari, alikataa hoteli ya Paje kwa kuwa "sikusomea utalii". Hoteli ina mfumo wa kuweka nafasi, mtandao wa wageni, kamera za ulinzi na mashine za malipo ya kadi, na vyote huharibika usiku wakati mgeni ana hasira. Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kijana aliyeachiwa nafasi ile na mwenzake alipata pahali pa kujifunzia.

Wasimamizi wanaotupigia simu kuulizia wahitimu hawaanzi na GPA, yaani wastani wa alama za masomo. Huuliza: anafika saa ngapi? Akikosea anasema, au anaficha mpaka mkaguzi aje? Anaweza kuandika barua ya ofisi kwa Kiswahili kilichonyooka? GPA ina nafasi yake: kwa shahada, daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la kwanza 4.4, na wako waajiri wanaochuja hapo.

Kwa hiyo na darasani pasidharauliwe. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti 10 ni saa 100. Ukihudhuria saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, ni saa 45. Zilizobaki 55 ni zako na maktaba, na hakuna mhadhiri atakayekuja kukugongea mlango dakhalia. Wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, wengi husema mtihani ulikuwa mgumu. Mara chache huwa kweli.

Kwa walio kazini tayari: wako watumishi wanaojiunga na shahada ya jioni kimyakimya, wakimaliza wanapeleka cheti na kudai cheo. Cheti kipya hakimpandishi mtu daraja peke yake. Huangaliwa kama ruhusa ya masomo iliombwa kwa maandishi, kama fani inaendana na kada yako, na kama nafasi ipo kwenye muundo wa utumishi. Muone afisa utumishi kabla ya kulipa ada, si baada ya mahafali.

Mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeongeza jina la babu. Nyumbani ni mtu mmoja, lakini kwa anayepokea maombi ya ajira ni watu watatu mpaka ithibitishwe vyengine. Cheti cha chuo kwa kawaida hufuata jina la kidato cha nne, na kikishachapishwa hakibadilishwi kwa kuomba radhi. Mwenye tofauti alishughulikie akiwa bado mwanafunzi, aje na vyeti halisi pamoja na nakala. Wanaotoka Pemba tunawaomba wapige simu kwanza kabla ya kupanda boti, maana wengi hufika Unguja cheti cha kuzaliwa wamekiacha Wete.