Gari Lililotangulia Gari la Ndoto

Mteja anaponipigia simu kunieleza kwamba hatimaye amelipata gari la spoti alilolitamani tangu utotoni, simuulizi kwanza mwaka wa kutengenezwa wala kilomita lililotembea. Humuuliza alikuwa akiendesha gari gani kabla ya hilo. Wengi hudhani ninapiga gumzo tu ili tuzoeane, lakini sivyo. Kazi yangu ni kukagua magari haya kwa niaba ya wanunuzi, na mara nyingi hukaa kiti cha abiria siku za mwanzo, mnunuzi anapolizoea gari lake katika uwanja uliofungwa. Jibu la swali hilo hunieleza mambo mawili ambayo siwezi kuyaona nikiwa chini ya gari na tochi: mikono na miguu ya mtu huyu imefunzwa nini, na kama atakuwa bado na gari hilo baada ya mwaka mmoja.

Jibu ninalolisikia zaidi ni hatchbaki, yaani gari dogo la milango mitatu au mitano lenye injini ya mbele, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na lililopewa nguvu kuliko umbo lake. Aina hiyo ilipata umaarufu kwa Volkswagen Golf GTI ya mwaka 1976, iliyokuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110 katika gari jepesi la familia. Ni shule nzuri, nami sitamdharau mtu aliyepitia hapo, kwa kuwa amejifunza kubadili gia kwa wakati, kufunga breki kabla ya kona na kutunza mwendo ambao injini ndogo hairudishi upesi. Lakini shule hiyo ina somo moja ambalo mwanafunzi hulibeba bila kujua. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kupita kiasi ukiwa na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, pua hukataa kugeuka na gari huponyoka kuelekea ukingo wa nje. Dawa ni rahisi: unaachia mafuta, uzito unahamia mbele, matairi ya mbele yanapata mshiko na pua inarudi kwenye mstari. Mtu akifanya hivyo kwa miaka kumi, jambo hilo halipiti tena akilini mwake. Mguu huinuka wenyewe.

Sasa mweke mtu huyo katika Porsche 911. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901, jina lililobadilishwa baada ya Peugeot kudai haki ya namba za tarakimu tatu zenye sifuri katikati, na tangu siku hiyo injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Takriban asilimia 60 ya uzito iko nyuma. Ukitoka kwenye kona huku ukikanyaga mafuta, mpangilio huo ni hazina, kwa maana matairi yanayosukuma ndiyo yanayolemewa na uzito, na gari hukamata barabara kwa namna ambayo magari mengi ya injini ya mbele hayawezi. Hatari huja pale dereva anapoingia kwa kasi, anaogopa, na mguu wake unafanya kile ulichofunzwa. Uzito unaondoka nyuma ghafla, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko yakiwa bado yanabeba jukumu la kuishikilia injini isiyumbe, na injini hiyo, iliyo mbali kabisa na kitovu cha gari, inaendelea na safari yake kama jiwe lililofungwa mwisho wa kamba. Mkia unatangulia. Kitendo kile kile kilichomwokoa mara mia katika gari lake la zamani ndicho kinachompeleka kwenye majani.

Katika 911 Turbo ya mwaka 1975 tatizo hili lilikuwa na sura ya pili. Injini yake ya lita 3.0 ilitoa nguvu za farasi 260, lakini tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, ilichelewa kuamka, na giaboksi yake ilikuwa na gia nne tu. Dereva asiyeijua alikanyaga mafuta katikati ya kona, hakuona kitu, akakanyaga zaidi, kisha nguvu yote ikafika kwa pamoja wakati usukani bado umekunjwa, akashtuka na kuachia. Makosa mawili yalifuatana ndani ya sekunde chache, na kila moja lilikuwa na mantiki yake kwa mtu aliyetoka kwenye gari lenye injini ndogo inayojibu papo hapo. Kuanzia toleo la 993, lililoanza mwaka 1993, mfumo wa kubeba magurudumu ya nyuma ulisanifiwa upya, na katika matoleo yaliyofuata vifaa vya elektroniki vya kudhibiti utelezi vimeupunguza ukali huo sana. Hata hivyo wateja wangu wengi huota magari ya zamani, na hayo hayana kitu chochote cha kuukamata mguu wako.

Nasema haya kwa sababu niliyapitia mwenyewe. Baada ya miaka saba ya magari ya kuvutwa mbele nilinunua Toyota MR2 ya kizazi cha pili, gari lenye injini katikati, nyuma ya viti, na siku moja barabara ikiwa na maji niliachia mafuta kwenye kona niliyoijua vizuri. Magari yenye injini katikati hayayumbi polepole. Uzito umekusanyika karibu na kitovu, kwa hiyo yanazunguka upesi kama pia, na muda wa kurekebisha usukani ni mfupi mno. Nilisimama nikiwa nimeelekea nilikotoka. Hakuna aliyeumia, wala gari halikuguswa, lakini nilikaa pale kwa muda mrefu nikirejea kila hatua, na nikatambua kwamba gari halikunifanyia hila yoyote. Toyota wenyewe waliubadilisha mpangilio wa springi na matairi miaka michache baada ya kizazi hicho kutoka, ili kukipunguzia ughafla huo, ila kosa lililokuwa mguuni mwangu lisingetibiwa na springi.

Niliiuza MR2 nikanunua gari lenye nguvu ndogo zaidi, na huo ndio uamuzi bora niliowahi kuufanya katika mambo ya magari. Mazda MX-5 ilizinduliwa Chicago mwaka 1989 ikiwa na injini ya lita 1.6 mbele, msukumo nyuma, uzito chini ya tani moja, uliogawanyika karibu nusu kwa nusu, na matairi membamba ya upana wa milimita 185. Matairi hayo membamba ni sehemu ya somo. Mshiko wake huisha mapema, katika kasi ndogo, na huisha taratibu, hivyo unasikia kiunoni gari linapoanza kuteleza, unapata muda wa kugeuza usukani upande wa pili, unakosea, unarudia, na kufikia mwisho wa msimu mikono inajua kabla ya akili. Kuna sababu ya zaidi ya magari milioni moja ya jina hilo kutengenezwa. Toyota walifuata fikra hiyo hiyo mwaka 2012 kwa GT86, ambayo iliuzwa na matairi ya aina ile ile iliyowekwa kwenye baadhi ya Prius, gari la Toyota la kuokoa mafuta. Wako waliolalamika kwamba gari la spoti linastahili matairi mapana. Mimi naona wahandisi wale walijua walichokuwa wakikifanya.

Mteja akiniambia alikuwa na MX-5 kwa miaka mitatu, mimi hupumua kwa nafuu. Akiniambia baada yake alikuwa na Porsche 944, hufurahi zaidi, na si kwa sababu ya uendeshaji peke yake. Gari hilo, lililotoka mwaka 1982, lina injini mbele na giaboksi nyuma pamoja na difu, na kwa hiyo linakaa barabarani kwa usawa ambao ni vigumu kuusahau. Lakini pia lina mkanda wa taimingi, unaoziendesha vali za injini, ambao ukikatika vali hugongana na pistoni, na mkanda wa pili wa kuzungusha shafti za kuondoa mtetemo, ambao ukikatika unaweza kuuangusha ule wa kwanza. Aliyeishi na gari hilo amejifunza kuhesabu umri wa mkanda kwa miaka na si kwa kilomita pekee. Amejifunza kuweka risiti, kulipasha gari joto kabla ya kulikimbiza, na kutofautisha mlio wa kawaida na mlio unaoomba msaada.

Elimu hiyo ndiyo inayoamua nani atakaa na gari la ndoto na nani atalirudisha sokoni. Chukua mfano wa Ferrari F355, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1994 na 1999. Kubadilisha mikanda yake hufanywa kwa kuishusha injini nzima kutoka kwenye gari, na mikanda hiyo huzeeka hata gari likiwa limelala gerejini chini ya turubai. Mmiliki aliyetoka kwenye 944 huipokea habari hiyo kwa utulivu, akaipanga katika hesabu zake kabla ya kununua. Mmiliki aliyetoka kwenye gari jipya la udhamini, ambalo lilimtumia ujumbe lilipotaka kubadilishwa oili, huiona kama dhuluma. Nimekagua magari yaliyouzwa mara tatu ndani ya miaka minne, kilomita zikiwa chache na kazi ya mikanda ikisukumwa kutoka kwa mmiliki mmoja kwenda kwa mwingine, kila mmoja akitumaini itamkuta anayefuata. Kilomita chache katika kitabu cha gari la namna hiyo hazinifurahishi hata kidogo.

Kundi linalonipa wasiwasi kuliko yote ni la watu waliotoka kwenye saluni kubwa au gari refu la kifahari lenye nguvu za farasi 500. Wao wanaijua kasi, na kwa haki hudhani kwamba hawana jipya la kujifunza, kwani magari yao yana nguvu kuliko lile la ndoto. Lakini kasi hiyo waliipewa na kompyuta iliyokuwa ikigawa nguvu kwa magurudumu manne, ikipunguza mafuta bila kuwaambia na kubana breki ya gurudumu moja moja pale walipokosea. Hawakuwahi kuyaona makosa yao. Ferrari F40 ya mwaka 1987 haina ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, wala kisaidizi cha breki. Unapotaka kusimama, mguu wako ndio unaofanya kazi yote, na ukikanyaga zaidi ya kipimo magurudumu yanafunga. Kumbuka pia kwamba kasi ikiongezeka maradufu, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Hilo ni kweli katika kila gari, lakini katika lile la saluni lilifichwa na ukimya.

Hata waundaji walipitia ngazi hizi. Ferruccio Lamborghini, kabla hajaanzisha kampuni yake ya magari mwaka 1963, aliwahi kuibadilisha Fiat Topolino ndogo na kushiriki nayo Mille Miglia, mbio za magari za Italia, ya mwaka 1948, ambayo hakuimaliza. Baadaye, utajiri wa kutengeneza matrekta ulipomwezesha, alimiliki Ferrari na hakuridhika na klachi zake. Alijua alichokitaka kwa sababu alikuwa ameshika funguo za magari yote mawili. Na Porsche ya kwanza kubeba jina hilo, 356 ya mwaka 1948, ilijengwa kwa vipuri vingi vya Volkswagen, injini ikiwemo.

Kwa wale wanaokaribia kununua, ombi langu ni moja: msiliuze gari la zamani wiki ile ile. Lihifadhini kwa msimu mmoja, kama nafasi ipo, na kila mnapotoka na jipya, siku inayofuata tokeni na la zamani kwenye barabara ile ile. Mwaka uliopita mteja mmoja alifanya hivyo kwa 911 yake yenye injini inayopozwa kwa hewa na hatchbaki aliyokuwa nayo miaka tisa. Mwezi wa pili aliniambia kwamba ameanza kuuhisi mguu wake ukitaka kuinuka kwenye kona, na kwamba sasa anaweza kuuzuia. Siku hiyo nilihamia kiti cha abiria kwa mara ya mwisho, tukazunguka uwanja mara sita kwenye lami yenye maji, na sikulazimika kusema neno.