Mtu wa HR anayejua kuajiri utamjua kabla hata ya intavyuu

Mwezi wa nne hapa Arusha na Moshi masika yanapiga, wageni wachache, na ndo kipindi makampuni ya utalii na mahoteli yanasaka watu wa hai sizoni ya mwezi wa sita. Kitengo chetu cha ushauri wa ajira hapa chuoni simu zinaita mfululizo na karibu zote zinafanana, "mwalimu tutafutie kijana mmoja mwaminifu, mchapakazi, kingereza kimenyooka." Sasa muulize huyo anayepiga, kijana akifika kwako atakuwa anafanya nini kuanzia asubuhi mpaka analala, hapo ndo unasikia "aah atafundishwa tu hukuhuku".

Kwa maoni yangu sifa kubwa ya mtu anayeajiri ni hii hapa, aijue kazi anayomtafutia mtu, na nasema hivo nikijua wengi wanaitaja ucheshi na kujua kuongea na watu, sikatai vinasaidia, ila nimeona wacheshi wengi tu wakileta watu wanaoondoka ndani ya wiki mbili.

Chukua mpishi wa mlimani, yule anayewapikia wageni wanaopanda Kilimanjaro. Sivii inakuja ya mtu kapika hoteli kubwa mjini, vyeti safi kabisa, na kweli jikoni ni fundi. Lakini kambi ya Barafu ipo zaidi ya mita 4,600, huko juu hewa ni nyepesi kwahiyo maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, maharage utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yatagoma kuiva. Pale Barafu hakuna maji, wapagazi wanayabeba toka bonde la Karanga. Na mpagazi mmoja utaratibu wa hifadhi ni mzigo usizidi kilo 20, yani kila kiazi unachopanga kupandisha kuna mgongo wa mtu utakaokibeba. Mtu wa HR anayeyajua haya hawezi kukaa na mpishi akaanza "haya jielezee kidogo", atamuuliza upo Barafu saa kumi jioni, mgeni kichwa kinamgonga hataki kuona nyama, usiku huohuo anaenda kileleni, maji yamebaki kidogo, unampikia nini na unaanza na kipi? Aliyewahi kupika huko ataanza kukuelezea supu na uji bila hata kufikiri, asiyewahi atakwambia yeye anafanya kazi vizuri kwenye presha.

Na kuyajua hayo hakuhitaji digrii. Shuka pale geti la Mweka au Marangu siku vikosi vinapoteremka, kaa na wapishi, uliza. Mtafute aliyeacha hiyo nafasi muulize kilichomtoa, mara nyingi tangazo lako zuri la kazi linatakiwa litoke kwenye majibu yake. Dereva wa safari, mtu wa mapokezi wa zamu ya usiku, msimamizi wa shamba la maua Usa River, wote njia ni hiyohiyo.

Kinachofuata ni kutoyaamini sana macho yako. Kuna mabosi wanajisifu eti wakimwona mtu anavoingia mlangoni tu wameshamjua, mi hao nawaogopa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuangalia ni kipi kinatabiri mtu atafanya kazi vizuri, wakakuta kumjaribu mtu kwa kazi yenyewe, na intavyuu ambayo wote wanaulizwa maswali yaleyale na kupewa maksi kwa kipimo kimoja, vinaishinda mbali idadi ya miaka ya uzoefu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakapiga upya hesabu za namna hiyo na intavyuu yenye mpangilio ikakaa juu. Alafu angalia matangazo yetu, mstari wa kwanza "uzoefu usiopungua miaka mitano"!

Majina nayo yanaponza. Huko huko Marekani, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma sivii kama 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinafanana ila majina tofauti, matokeo yao ya 2004 yakaonyesha sivii zenye majina yanayosikika ya kizungu zilipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina ya weusi. Sisi huku ukiona Mollel, Mushi au Massawe kwenye karatasi kichwa kishakuchorea kijiji alikotoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengine, na inamlinda hata anayeomba kazi, kwahiyo lile tangazo la "awe binti asiye na mtoto" lifute leo. Koneksheni siikatai kwa asilimia mia, mtu akikuletea jina la ndugu yake lipokee, ila naye akae foleni na aulizwe yaleyale.

Waliokosa wapigie au watumie meseji, hata mistari miwili. Mji wenyewe ni huu huu, unayemnyima jibu leo kesho ndo meneja wa kambi unayotaka kupeleka wageni wako. Sivii zao usizirushe kwenye magrupu ya WhatsApp na namba za NIDA juu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kwa mnaotafuta kazi, mtu akikuomba hela ya fomu au "hela ya kufungua faili" ili akuunganishe, achana nae. Hata mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi, isipokuwa nchi iwe imeruhusu kwa hali maalum, na wa kwenye kona ya stendi hawana hiyo ruhusa.

Ukishampata mtu wako mpe maandishi siku anayoanza. Kifungu cha 15 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka yawepo majukumu yake, kituo cha kazi, masaa, aina ya mkataba na malipo yanavyokokotolewa. Na kama ni kazi ya mlimani mweleze mapema tipu zinagawanywaje kati ya muongoza wageni, mpishi na wapagazi, tena mbele ya wenzake, maana ugomvi wa hiyo hela unaanziaga getini mgeni akiwa bado hajapanda gari.